Wazazi Wasipande Migongoni mwa Watoto

Desturi ya binadamu tangu awali ni mzazi kumbeba mtoto mgongoni. Hakuna desturi, ya milimani wala ya pwani, imtakayo mtoto ambebe mzazi wake kabla mifupa yake haijakomaa. Lakini jambo hilo la kinyume ndilo lifanyikalo leo katika viwanja vingi vya michezo vya nchi zenye fedha, na hasa katika mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu ziitwazo skii. Huko wako baba na mama wapandao migongoni mwa watoto wa miaka minane na tisa, wakawaamuru wawafikishe kwenye sifa ambazo wao wenyewe hawakuzipata ujanani. Kisha kitendo hicho hukiita malezi.

Msomaji wa nchi ambazo theluji yake huonekana tu kileleni mwa Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori anaweza kuuliza: habari hiyo yamhusu nini? Yamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, wako watu wengi wasemao Kiswahili, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya na Tanzania, ambao leo wanalea watoto katika nchi za Norwei, Sweden, Finland na Kanada. Watoto wao huvishwa skii na shule, na wazazi huambiwa kwamba sasa ni zamu yao kutimiza wajibu. Pili, ugonjwa wenyewe si wa theluji. Mwalimu yeyote aliyepata kumwona mzazi akimfokea mtoto wake mbele ya wenzake, ati kwa sababu amekuwa wa pili badala ya kuwa wa kwanza, anaujua ugonjwa huu hata kama hajapata kuigusa theluji maishani mwake.

Wajibu usiokwepeka

Haifai kuanza kwa kumlaumu mzazi bila kuitaja kazi yake. Mchezo huu hauwezi kuchezwa na mtoto peke yake. Mpira wa miguu wataka uwanja na matambara yaliyofungwa kwa kamba. Skii yataka mlima, theluji, viatu vigumu, kofia ngumu, miwani, nguo za kuzuia baridi, na mtu mzima aamkaye kabla ya mapambazuko. Mzazi ndiye aendeshaye gari gizani barabara ikiwa imeganda. Mzazi ndiye anoaye kingo za skii kwa tupa usiku wa kuamkia mashindano, na ndiye ayeyushaye nta kwa pasi akaipaka chini ya ubao ili uteleze vizuri. Mzazi ndiye abebaye chai ya moto na soksi kavu.

Wala kazi yake haiishii kwa mtoto wake mwenyewe. Katika mashindano ya watoto, watu wasimamao kando ya njia kuangalia kama kila mteremkaji amepita kwenye milingoti yote, watu wanaoshika saa, wanaosawazisha theluji na wanaopika vyakula vya kuuza ili klabu ipate fedha, wengi wao ni wazazi. Wanorwei wana neno la kazi hiyo ya pamoja isiyo na malipo: huiita dugnad. Msomaji wa Kiswahili halitaji fasiri ndefu, kwa kuwa anayo maneno yake mwenyewe: msaragambo na ujima. Kazi ya namna hiyo haina ubaya hata chembe. Mzazi aifanyaye anastahili heshima ya klabu nzima.

Basi hoja si kwamba mzazi akae mbali. Hoja ni mahali pa kusimama. Mzazi asimamaye chini ya ngazi akiishika isiyumbe anafanya kazi ya mzazi. Mzazi apandaye ngazi nyuma ya mtoto, akimsukuma kwa kichwa, ataiangusha ngazi na wote wawili waliomo.

Mfuko wa baba kuwa chujio

Chanzo kimoja cha uovu huu ni fedha. Nchini Marekani, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 na Taasisi ya Aspen ulionyesha kwamba familia yenye mtoto katika michezo ya skii na ubao wa theluji ilitumia wastani wa dola 2,249 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Hoki ya barafu peke yake ndiyo iliyoizidi, kwa dola 2,583. Riadha ilikuwa dola 191. Na huo ni wastani unaochanganya watoto wa mazoezi ya mwisho wa juma na wale wa mashindano. Kwa wale wapelekwao kwenye shule za bweni za skii, ada hufika makumi ya maelfu ya dola kila mwaka.

Takwimu hizo zina maana mbili, na zote ni chungu. Maana ya kwanza ni kwamba mchujo wa kwanza wa vipaji haufanywi mlimani, bali hufanywa benki. Mtoto wa mfanyakazi wa hoteli ya wateleza skii, ambaye baba yake hutandika vitanda vya wageni na mama yake huosha vyombo vyao, aweza kuishi chini ya mlima ule ule na asiuteremke hata siku moja. Mtoto wa mgeni aliyekuja kwa ndege huuteremka kila mwaka. Baadaye hutokea mtu akasema kwamba yule wa pili ana kipaji.

Maana ya pili humhusu mtoto huyo mwenye bahati. Mzazi aliyekwisha kulipa maelfu huanza, taratibu na bila kujua, kumtazama mwanawe kama duka alilolitilia mtaji. Mwenye duka hutaka faida. Kila sekunde inayopotea kwenye mlingoti wa nne huonekana kuwa hasara. Mtoto akisema amechoka, hujibiwa kwa hesabu ya gharama: safari ile, kocha yule, jozi ile ya skii. Hapo mchezo umekwisha, na kilichobaki ni deni ambalo mtoto hakulikopa.

Nta yenyewe ni ushahidi. Kwa miaka mingi wazazi walinunua nta zenye florini, za bei kubwa na zenye kemikali zidhuruzo afya na maji, ili watoto wao wapate nafuu ya sekunde chache. Mmoja alipoinunua, jirani naye alijiona hana budi kuinunua. Chama cha Ski cha Norwei kilizipiga marufuku kwa vijana wa miaka 16 na chini yake katika msimu wa 2018/2019, na Shirikisho la Kimataifa likazikataza katika mashindano yake kuanzia msimu wa 2023/2024. Hakuna mtoto aliyelia kwa kukatazwa nta hizo. Na iulizwe basi: katika miaka yote ile, waliokuwa wakishindana ni watoto, au ni mifuko ya baba zao?

Medali ya mwezi wa kuzaliwa

Jambo jingine ambalo mzazi mwenye pupa halitaki kulisikia ni hili: ushindi wa mtoto wa miaka tisa hausemi mengi juu ya kesho yake. Watoto hugawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka huo huo huhesabiwa kuwa rika moja, ingawa wamepishana karibu mwaka mzima. Mwalimu wa darasa la pili au la tatu anajua tofauti ya miezi hiyo ni kubwa kiasi gani, kwa kimo, kwa nguvu na kwa utulivu wa akili. Watafiti wa michezo wameonyesha mara nyingi kwamba vikosi teule vya vijana, katika skii na katika michezo mingine, hujaa wazaliwa wa miezi ya mwanzo ya mwaka.

Kwa hiyo kikombe apewacho mtoto wa miaka tisa mara nyingine ni tuzo ya siku yake ya kuzaliwa. Na yule mdogo wa Desemba, aliyeambiwa na mtu mzima kwamba hawezi, huvua skii zake na kwenda zake nyumbani. Huenda yeye ndiye angekuwa bora kuliko wote akiwa na miaka ishirini. Hakuna atakayejua kamwe.

Hoja ya mabingwa

Watetezi wa wazazi wakali wana silaha moja waipendayo. Husema: "Tazameni mabingwa!" Humtaja Janica Kostelić wa Kroatia, aliyefundishwa pamoja na kaka yake Ivica na baba yao Ante, mtu wa mpira wa mikono. Familia ile haikuwa na fedha. Ilizunguka milima ya Ulaya kwa gari, mara nyingine wakilala humo humo au hemani. Janica akapata medali tatu za dhahabu na moja ya fedha katika Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, ambazo zilikuwa za kwanza kwa nchi yake katika Michezo ya Majira ya Baridi. Je, watetezi huuliza, baba mpole angeyafanya hayo?

Kisa hicho ni cha ajabu na kinastahili heshima yake. Lakini chapasa kusomwa hadi ukurasa wa mwisho. Janica aliacha mashindano mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 25 tu, baada ya magoti yake kupasuliwa mara nyingi. Goti ndicho kiungo kiumiacho zaidi katika mbio za kuteremka milima. Yeye mwenyewe ndiye mwenye haki ya kusema kama bei ile ilistahili. Mzazi mwingine hana haki ya kumwahidia bei hiyo mtoto wa mwingine, wala wa kwake, kabla mtoto huyo hajajua goti ni kitu gani.

Humtaja pia Mikaela Shiffrin wa Marekani, aliyepata ushindi wake wa 100 wa Kombe la Dunia huko Sestriere, Italia, mwezi Februari 2025, na ambaye mama yake, Eileen, amekuwa miongoni mwa makocha wake. Kweli, ukiona vyaelea vimeundwa. Lakini viliundwaje? Wazazi wake walimwacha afanye mazoezi mengi na akimbie mashindano machache kuliko wenzake wa rika lake. Yaani walijali ufundi, hawakuhangaikia orodha za matokeo. Na baba yake, Jeff, alipofariki mwezi Februari 2020, binti huyo aliyekuwa kileleni mwa dunia aliyaacha mashindano kwa muda ili kuomboleza. Hakuna aliyemlaumu. Mtu haombolezi namna hiyo kwa ajili ya msimamizi wa kazi. Huomboleza hivyo kwa ajili ya baba.

Zaidi ya hayo, hoja ya mabingwa ina udanganyifu ndani yake. Bingwa huonekana, kwa sababu husimama jukwaani. Watoto mia waliofokewa kwa maneno yale yale, wakaamshwa saa zile zile, kisha wakaichukia theluji na kuuacha mchezo wakiwa na miaka kumi na minne, hawana jukwaa. Mkulima ahesabuye mahindi yaliyoota peke yake, bila kuhesabu mbegu alizozifukia, hawezi kujua kama shamba lake ni zuri.

Norwei ilivyoamua

Wako watakaosema kwamba ushindani ni ushindani, na nchi itakayobembeleza watoto itashindwa. Jibu la hoja hiyo limekwisha kutolewa na nchi yenye watu takriban milioni 5 na nusu. Norwei ilipitisha masharti ya michezo ya watoto mwaka 1987, miaka miwili kabla ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 31 chatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Mwaka 2007 masharti hayo yakaimarishwa na kuitwa Haki za Watoto katika Michezo.

Masharti hayo yaliweka kwamba mtoto ashindane katika klabu yake na za jirani kuanzia mwaka atimizapo miaka 6. Mashindano ya kimkoa yaanze mwaka atimizapo miaka 9. Na orodha za matokeo na nafasi zisitangazwe kabla ya mwaka atimizapo 11. Zawadi zikitolewa kwa watoto wa umri huo, basi kila mtoto apewe. Ubingwa wa taifa, wa Ulaya na wa dunia si wa mtoto aliye chini ya miaka 13. Mtoto ana haki ya usalama, ya urafiki na furaha, ya kusikilizwa, na ya kuchagua mwenyewe mchezo gani acheze na michezo mingapi. Klabu ikivunja masharti, yaweza kuadhibiwa.

Na matokeo? Mwaka 2018, huko PyeongChang, Norwei ilipata medali 39. Mwaka 2022, Beijing, ilipata medali 37, kati yake 16 za dhahabu, idadi ya dhahabu ambayo hakuna nchi iliyokuwa imepata kuifikia katika Olimpiki moja ya Majira ya Baridi. Haitakuwa kweli kusema kwamba masharti ya watoto peke yake ndiyo yaliyoleta medali hizo; nchi ile ina theluji, fedha, makocha na desturi ndefu. Lakini jambo moja limethibitika bila ubishi: kumwacha mtoto awe mtoto hakukuizuia nchi hiyo kushinda.

Hata hivyo Norwei nayo isigeuzwe kuwa pepo. Bei ya vifaa imepanda huko pia. Majira ya baridi yanapofupika, klabu za mabondeni hulazimika kutengeneza theluji kwa mashine au kuifuata mbali, na gharama hiyo humwangukia mzazi. Ndiyo maana kuna mpango uitwao BUA, ambao huwaazima watu vifaa vya michezo bila malipo. Mzazi mgeni, atokaye Kinshasa au Kigoma, asione aibu kuazima. Aibu ni ya yule ambaye angetaka mlima uwe wa wenye nacho peke yao.

Upole usio na uti wa mgongo

Kwa upande wa pili, yafaa kuonya dhidi ya kosa lililo kinyume. Huko Denmark na kwa majirani zake wana jina la kuwacheka wazazi wasiotaka mtoto aonje taabu: huitwa wazazi wa "curling", kutokana na mchezo ambao wachezaji hulifagilia barafu jiwe lao ili lipite bila kukwama. Mzazi wa namna hii humvalisha viatu mtoto wa miaka kumi na miwili, hubishana na waamuzi kwa niaba yake, na theluji ikiwa na upepo humrudisha kitandani. Wahenga walikwisha kusema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtoto aliyejiunga na klabu kwa hiari yake hana budi kufika kwa wakati, kubeba skii zake mwenyewe, kumsalimu kocha, na kumaliza msimu aliouanza. Hiyo ni nidhamu, na nidhamu si ukatili.

Wapo pia waitumiao methali nyingine, kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni kweli. Lakini husema kukunja, haikusema kuvunja.

Familia moja ya Kenya na Austria

Mfano wa mzazi anayefaa haupatikani Norwei peke yake. Sabrina Simader alizaliwa Kenya mwaka 1998, akahamia Austria pamoja na mama yake akiwa na umri wa miaka mitatu. Baba yake wa kambo, Mwaustria, ndiye aliyemwingiza katika mchezo wa skii. Mtoto wa pwani ya joto alishikwa mkono na mtu ambaye hakumzaa, akafundishwa kusimama juu ya theluji. Mwaka 2018, huko PyeongChang, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushiriki Olimpiki ya Majira ya Baridi. Hakurudi na medali. Lakini hapakuwa na mtu mwenye akili aliyesema kwamba kazi ya mama yule na baba yule ilipotea.

Na kabla yake, mwaka 1998 huko Nagano, Mkenya Philip Boit alimaliza mbio za kilomita 10 akiwa wa 92 na wa mwisho, dakika 20 baada ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikuwa bado amesimama kwenye mstari wa mwisho, akimngoja ili amkumbatie. Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Wazazi wote wapelekao watoto milimani wangefaa kutafakari picha ile. Bingwa mwenyewe, baada ya kupata dhahabu, aliona kwamba mtu aliyemaliza mbio wa mwisho anastahili kungojwa katika baridi. Je, mzazi anawezaje kumpa kisogo mwanawe mwenyewe kwa sababu amekuwa wa kumi na saba?

Yatakiwayo

Basi yatakiwayo ni machache na hayana gharama. Vyama vya michezo viweke masharti ya umri na kuyasimamia, visiyaache kwa huruma ya kila klabu. Serikali za miji yenye milima zihakikishe vifaa vya kuazima vipo, ili kipaji kisichujwe kwa mfuko. Walimu wamwambie mzazi ukweli pale wanapomwona mtoto akija darasani Jumatatu akiwa amechoka na amenyamaza. Na mzazi mwenyewe, akiwa ndani ya gari wakati wa kurudi nyumbani, aache kwanza kuuliza nafasi na muda. Aulize kama mtoto amepata baridi, kama ameona njaa, na kama angependa kurudi wiki ijayo.

Jibu la swali hilo la mwisho likiwa ni ndiyo, mzazi amefanya kazi yake, hata kama mtoto amekuwa wa mwisho. Likiwa ni la, na mzazi akamrudisha mlimani kwa nguvu, basi ajue kwamba yeye ndiye atakaye kuteleza, na azitafute skii za saizi yake.